Nyimbo rasmi za majimbo ya Marekani kwa bendi huru: shajara ya mradi

Septemba 2025. Orodha

Mradi una bendi nane zisizo na kampuni ya kurekodi, kila moja ikiwa katika jimbo lake. Kila bendi inachukua wimbo mmoja rasmi wa jimbo hilo na kuupanga upya kwa ala na mahadhi ya leo. Matokeo yataingia kwenye santuri moja ya inchi 12 na kwenye CD. Kila bendi inarekodi kwake, ila miksi (kuchanganya traki) na masta (kusawazisha toleo la mwisho) zinafanyika mahali pamoja, maana bila hivyo santuri husikika kama redio inayohamishwa stesheni kila dakika nne.

Mtu anaweza kudhani kuna nyimbo hamsini zilizopangwa zikisubiri. Hazipo. New Jersey haijawahi kuwa na wimbo rasmi. Maryland ilikuwa na "Maryland, My Maryland" tangu 1939, ikaufuta mwaka 2021, kwa kuwa maneno yake ya 1861 ni wito wa vita wa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na yanamwita Rais Lincoln dhalimu. Virginia iliustaafisha "Carry Me Back to Old Virginny" wa James Bland mwaka 1997, ikakaa bila wimbo hadi 2015 ilipopitisha nyimbo mbili kwa mpigo. Kwingine ni kinyume: Arkansas ilipitisha nne mwaka 1987, na Tennessee inaongeza tu. Swali la kwanza kwa kila bendi basi ni wimbo upi, na kwa maneno ya mwaka gani. Mahadhi ni swali la baadaye.

Maneno nayo hubadilishwa na mabunge ya majimbo. Alaska ilipojiunga na Muungano mwaka 1959, Texas haikuwa tena jimbo kubwa kuliko yote, hivyo "largest" katika wimbo wake likawa "boldest". Kentucky iliondoa neno la dharau kwa watu Weusi mwaka 1986 na kuweka "people". Florida ilirekebisha maneno ya Stephen Foster mwaka 2008, Oregon ikarekebisha ya kwake 2021. Ohio ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1989 ilibakiza tuni na kuandika maneno mapya kabisa.

Kwa hiyo jedwali la mradi lina safu saba: jimbo, wimbo, mwaka wa kuchapishwa, mwaka wa kupitishwa, maneno yaliyo katika sheria ya jimbo, maneno yatakayoimbwa, na hali ya hakimiliki. Safu ya tano na ya sita zikitofautiana, sababu inaandikwa papo hapo. Bila safu hizo mbili, mwimbaji atachukua maneno ya kwanza anayokutana nayo kwenye intaneti, na mara nyingi huwa ni mchanganyiko wa matoleo mawili.

Zilizoingia: "The Song of Iowa" (maneno ya 1897, ukapitishwa 1911), "On the Banks of the Wabash, Far Away" wa Indiana (1897, 1913), "My Old Kentucky Home" (1853, 1928), "Beautiful Ohio" (1918, 1969), "Georgia on My Mind" (1930, 1979), "You Are My Sunshine" wa Louisiana (1940, 1977), "Home on the Range" wa Kansas (miaka ya 1870, 1947), na "Hawaiʻi Ponoʻī" (maneno ya 1874, 1967).

Oktoba. Haki

Kila wimbo una hakimiliki mbili, nazo zisichanganywe: ya utunzi, yaani tuni na maneno, na ya rekodi. Nchini Marekani, utunzi wa enzi hizo hulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Mwaka huu wa 2025, chochote kilichochapishwa hadi mwisho wa 1929 ni mali ya umma. Iowa, Indiana, Kentucky, Kansas na Hawaii ziko huru bila mjadala. Hesabu hiyo ni ya Marekani tu. Atakayeuza santuri nchi nyingine aangalie sheria ya huko, kwa sababu nchi nyingi huhesabu kuanzia mwaka wa kifo cha mtunzi.

Ohio ina mtego. Tuni ya Robert A. King, aliyejiandika kwa jina la Mary Earl, na maneno ya Ballard MacDonald ni ya 1918, kwa hiyo ni huru. Maneno rasmi ya sasa ni ya 1989 na hayako huru. Bendi ikiimba maneno ya zamani, ambayo ni ya mapenzi ndani ya mtumbwi, itakuwa imeimba kitu ambacho jimbo limeshakiacha. Uamuzi: Ohio iwe ya ala tupu. Tuni ndiyo iliyobaki rasmi tangu 1969, na inajitosheleza.

Georgia itaingia kwenye mali ya umma tarehe 1 Januari 2026. Mazoezi ya chumbani yanaendelea, kurekodi kutaanza Januari. Hapa ndipo hakimiliki ya pili inapouma. Rekodi ya kwanza ya mtunzi wake, Hoagy Carmichael, ile yenye mpiga kornet Bix Beiderbecke, ni ya Septemba 1930, na rekodi za miaka hiyo hulindwa kwa miaka 100, hivyo haitakuwa huru kabla ya 2031. Rekodi ya Ray Charles ya 1960, ambayo ndiyo iliyoupa wimbo sura inayojulikana, iko mbali zaidi. Kwa vitendo: nota za 1930 zinatumika, kipande cha rekodi yoyote hakitumiki, na fidla, kwaya ya nyuma na vijibu vya piano vya toleo la 1960 haviigwi. La mwisho ni gumu kuliko linavyoonekana, maana mpiga piano yeyote wa Georgia anavyo vidoleni.

Louisiana inahitaji leseni. Utunzi wa 1940 unalindwa hadi mwisho wa 2035. Kifungu cha 115 cha sheria ya hakimiliki kinaruhusu kurudia wimbo ambao tayari umeshasambazwa hadharani nchini humo, bila kusubiri ridhaa ya mchapishaji, mradi masharti yafuatwe:

- Taarifa ya nia imfikie mwenye haki kabla ya kusambaza, na si zaidi ya siku 30 baada ya kutengeneza nakala. Ukichelewa, mlango wa leseni hii unafungwa na unabaki kuomba kwa hiari yake.
- Malipo ya nakala inayoshikika au inayopakuliwa kwa mwaka 2025 ni senti 12.7 kwa wimbo. Wimbo ukizidi dakika tano, ni senti 2.45 kwa kila dakika au sehemu ya dakika, kwa hiyo wimbo wa 5:10 unalipiwa dakika sita, senti 14.7.
- Hesabu na fedha hutumwa ifikapo tarehe 20 ya kila mwezi kwa mauzo ya mwezi uliopita.
- Mpangilio unaruhusiwa kiasi cha kuufaa mtindo wa bendi. Tuni ya msingi na tabia ya wimbo havibadilishwi, na bendi haipati hakimiliki ya mpangilio huo bila idhini.

Santuri 300 na CD 200 ni nakala 500. Kwa senti 12.7 ni dola 63.50. Kiwango hupandishwa kila Januari kufuata gharama za maisha, kwa hiyo zimetengwa dola 70. Kwa usikilizaji wa mtandaoni bendi haishughuliki na malipo haya, kwani tangu Januari 2021 huduma hizo hulipa kupitia chombo kimoja cha pamoja chenye leseni ya jumla. Bendi ikiuza faili kwenye tovuti yake yenyewe, mzigo unarudi kwake. Video ni jambo jingine kabisa: kuunganisha wimbo wenye hakimiliki na picha hakuna leseni ya lazima, na bila ruhusa ya mchapishaji hakuna video ya Louisiana.

Mtego wa mwisho ni vitabu vya kwaya za shule. Tuni ya Foster ya wimbo wa Kentucky ni ya 1853, lakini mpangilio wa sauti nne uliochapishwa miaka ya 1990 una mwenyewe. Nota zinachukuliwa kwenye chapa za kwanza tu. Chapa nyingi zimepigwa picha na kuwekwa wazi: mkusanyo wa Lester Levy ulioko Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Maktaba ya Bunge la Marekani, na kwa Foster kuna kituo chake Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Picha ya ukurasa wenye mwaka na jina la mchapishaji inahifadhiwa kwa kila wimbo. Mifumo ya kiotomatiki ya majukwaa ya video huidai tuni ya umma kana kwamba ni ya mtu aliyeirekodi jana, na picha hiyo ndiyo jibu la haraka kuliko barua yoyote.

Novemba. Mpangilio

Nyimbo hizi ziliandikwa ziimbwe na watu wengi kwa pamoja, wakiwa wamesimama, piano ikiwaongoza. Bendi ya watu wanne ikizipiga kama zilivyo, zinasikika kama mkutano wa shule. Bendi ikizigeuza kwa kejeli, mzaha unaisha kwenye ubeti wa pili, na bado kuna beti mbili mbele. Kanuni iliyokubaliwa: tuni isiguswe, kila kitu kilicho chini yake kiguswe. Kwa Louisiana sheria ndiyo inayotaka hivyo, kwa nyingine saba ni sikio.

*Iowa.* Hii ndiyo ngumu kuliko zote. S. H. M. Byers alikuwa mfungwa wa vita katika gereza la Libby mjini Richmond mwaka 1863, akasikia bendi ya askari wa Kusini ikipiga "My Maryland", na baadaye akaitungia tuni ile ile maneno ya Iowa. Tuni yenyewe ni ya Kijerumani, "O Tannenbaum". Kwa Mtanzania si ajabu tuni moja kubeba mataifa kadhaa. Ya Enoch Sontonga iko Dar es Salaam, Lusaka na Pretoria. Tatizo la Iowa ni kwamba msikilizaji husikia Krismasi kabla jina la jimbo halijatajwa.

Kwa solfa mstari wa kwanza ni s, d d d r m m m, halafu r m f t, r d. Kinachofichua Krismasi ni vitu vitatu: mapigo matatu, noti ya nukta kwenye d ya kwanza, na t ya chini iliyokaa juu ya kordi ya tano. Hatua zilizochukuliwa:

Mapigo yamehamishwa kutoka matatu hadi manne. Pigo la nne halijazwi maneno. Linaongezwa kwenye noti ya mwisho ya kila kipande, ili mwimbaji apate pumzi. Ubeti wa vipimo 16 kwa kasi ya mapigo 96 kwa dakika ulikuwa sekunde 30, sasa ni 40. Beti tatu ni dakika mbili kamili, na zinabaki sekunde 70 za mwanzo, katikati na mwisho.

Noti ya nukta imesawazishwa, d zote tatu zikawa na urefu mmoja.

Kwenye f t, r besi haiendi kwenye kordi ya tano, inakwenda ya pili. Katika doh C ni Dm badala ya G7. Noti ya t bado inaimbwa vile vile, ila haivuti tena kurudi nyumbani kwa namna iliyozoeleka. Ubeti wa kwanza hauna kordi kabisa, ni mvumo wa d na s tu kwenye kinanda.

Kengele za aina yoyote ni marufuku, pamoja na njuga, zailofoni ya chuma na kwaya ya watoto. Upana wa tuni ni kutoka s ya chini hadi l, hatua tisa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuipandisha: mwanamume wa sauti ya kati anaimba doh G, mwanamke wa sauti ya pili doh C.

*Louisiana.* Bendi ilitaka kuupeleka kwenye ngazi ya minor, kwa kuwa beti zake ni za huzuni kuliko kiitikio kinavyodai. Kubadili m kuwa ya minor ni kubadili tuni, na hapo kifungu cha 115 hakikulindi. Njia iliyopatikana: tuni inabaki major, kordi zinashuka. Penye I inapigwa vi, penye IV inapigwa ii, penye V inapigwa iii. Katika doh G ni Em, Am na Bm mahali pa G, C na D. Kiitikio cha mwisho tu ndicho kinachorudi kwenye kordi tatu za asili. Iii ikipigwa kwa nguvu hugombana na noti ya d ya mwimbaji, kwa hiyo gitaa linaacha uzi wa juu na kupiga nyuzi tatu za kati.

*Kansas.* Shairi la Brewster Higley la miaka ya 1870 halikuwa na maneno "home on the range". Kiitikio chake kilianza "A home! A home!". Toleo linaloimbwa leo lilienea kupitia kitabu cha John Lomax cha 1910. Yote mawili ni ya umma. Bendi inaimba beti za Higley na kiitikio kinachojulikana, na jedwali linasema hivyo wazi. Kiitikio kinaanza juu, s f m r m, baada ya ubeti unaotambaa chini; mwimbaji akichagua doh kwa kuangalia ubeti, kiitikio kitamkaba. Doh inapimwa kwenye neno "home" la kwanza la kiitikio, si kwenye mstari wa mwanzo. Kordi ya iv ya minor baada ya IV inabaki, ndiyo roho ya tuni hii. Gitaa la chuma la kulala linaibeba peke yake.

*Kentucky.* Kwenye mashindano ya farasi ya Derby huimbwa ubeti wa kwanza na kiitikio, kisha watu wanakaa. Beti mbili zinazofuata ndizo zinazoeleza wimbo unahusu nini: mtumwa ameuzwa na kupelekwa kwenye mashamba ya miwa ya Kusini. Frederick Douglass aliutaja mwaka 1855 miongoni mwa nyimbo zinazoamsha huruma dhidi ya utumwa. Beti zote tatu zinaimbwa, kwa maneno ya 1986. Urefu ni 5:20, na hakuna kukata. Foster aliandika kiitikio kwa sauti nne. Besi ya sauti ya nne imehamishiwa gitaa la besi bila kubadilisha noti hata moja, na imetosha.

*Indiana.* Kuna hatari moja tu. Wimbo wa 1917, "Back Home Again in Indiana", ambao huimbwa kabla ya mbio za magari za Indianapolis, uliazima sehemu ya kiitikio cha Paul Dresser, mtunzi wa wimbo huu rasmi: tuni na picha za maneno. Wanamuziki wanaoujua vizuri ule wa 1917 huteleza na kuingia humo katikati ya kiitikio bila kujua. Mwimbaji awe na nota mbele yake hata kama anadai ameshika.

*Hawaii.* Maneno ya Mfalme Kalākaua, muziki wa Henri Berger, wimbo wa taifa wa ufalme kabla haujapinduliwa 1893. Watu husimama unapoimbwa. Hakuna ngoma. Gitaa moja la nyuzi zilizolegezwa, D G D G B D, na sauti tatu. Bendi ya huko ndiyo inayoamua, miksi inafuata.

Desemba. Kurekodi

Masharti ya faili kwa kila bendi: WAV, biti 24, kHz 48, kila ala traki yake, traki zote zianze sekunde ile ile ya sifuri hata kama ala inaingia dakika ya tatu. Kilele kisivuke −6 dBFS (kipimo cha sauti ya kidijitali ambacho kikomo chake ni 0), wastani uzungukie −18. Traki moja ya mono ni MB 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye traki 24 ni zaidi kidogo ya GB 1, kwa hiyo hautumwi kwa barua pepe. Jina la faili ni herufi mbili za jimbo, namba, ala, toleo: KS_03_besi_v2.

Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni mashine moja kuwa kHz 44.1 na nyingine 48. Faili ya 44.1 ikisomwa kana kwamba ni 48, inakwenda haraka kwa asilimia 8.8 na kupanda karibu nusu-tuni moja na nusu. Ikitokea kwa wimbo mzima, mtu hutambua mara moja. Ikitokea kwa tamburini au makofi tu, hakuna anayesikia tofauti ya sauti, watu wanasema tu mpigaji anakimbia, na muda unapotea kusogeza makofi moja moja. Angalia urefu wa faili kwanza: dakika nne zikiwa 3:40, jibu ni hilo.

Kasi. Nyimbo hizi zina sehemu za kusimama na kuvuta, na kliki (mlio wa kuhesabu mapigo masikioni) iliyonyooka huzikausha. Kwa Kentucky na Indiana, sauti na piano zilirekodiwa kwanza bila kliki, kisha alama zikawekwa mwanzo wa kila kipimo, na kliki ikatengenezwa kutokana na alama hizo. Ramani ya kasi ikitumwa kama faili ya MIDI, programu tofauti huisoma tofauti. Kliki itumwe pia kama sauti, WAV, traki ya kwanza kabisa. Kwa Ohio, ambao umebaki mapigo matatu, kliki inagonga pigo la kwanza tu la kila kipimo. Mpiga dramu wa roki akipewa kliki tatu huzihesabu zote kwa nguvu sawa, na waltz inakuwa gwaride.

Ala za zamani. Kinanda cha kukanyaga cha Iowa kiko juu: A yake ni Hz 442, karibu senti 8 juu ya 440 (senti hapa ni sehemu ya mia ya nusu-tuni). Hakirekebishiki kwa bei ya mradi huu. Kinarekodiwa cha kwanza na gitaa zote zinafungwa kukifuata. Kufanya kinyume, yaani kurekodi gitaa kwa 440 na kukishusha kinanda kwenye kompyuta, kunaharibu mvumo wake hasa kwenye noti ndefu, na mpangilio wa Iowa ni noti ndefu tupu. Maikrofoni iwekwe nyuma ya sanduku, sentimita 60, mbali na mifuo. Mlio wa kanyagio ukibaki kidogo, uachwe.

Ohio inaanza na sekunde 12 za santuri ya zamani ya tuni hiyo. Rekodi za kabla ya 1923 ziko huru Marekani tangu Januari 2022, kwa hiyo kipande kinaruhusiwa. Lakini santuri za wakati huo hazikukatwa zote kwa mizunguko 78. Iliyokatwa kwa 80 ikichezwa kwa 78 inashuka senti 44, karibu nusu ya nusu-tuni, na bendi inapoingia inasikika kama imekosea. Kasi ya kipande ilirekebishwa hadi kikakubaliana na doh ya bendi, ndipo kikakatwa.

Januari 2026. Georgia

Wimbo ni huru sasa. Bendi imerekodi na ule ubeti wa utangulizi ulio kwenye nota, ambao waimbaji wengi huuruka. Faida yake ni kwamba msikilizaji haanzi kulinganisha na toleo la 1960 mpaka sekunde ya arobaini.

Kordi inayobeba wimbo huu iko kwenye kipimo cha pili: katika doh F, baada ya F inakuja A7, kisha Dm. Mpangilio wa kwanza ulioletwa uliiondoa A7 na kuweka Am ili "isikike ya leo", na mstari mzima ukalala. Imerudishwa. Usasa umewekwa kwenye mdundo: dramu ya mashine iliyochelewa kidogo nyuma ya pigo, besi ya kinanda, hakuna fidla. Sehemu ya kati inayohamia Dm haina dramu.

Uimbaji ni wa karibu sana na maikrofoni, sentimita 10, na herufi s inachoma. Kwa CD hilo linavumilika. Kwa santuri linabadilisha mpangilio wa nyimbo zote, kama inavyoonekana hapa chini.

Februari. Miksi, masta, santuri

Upande A: Iowa 3:10, Indiana 4:05, Kentucky 5:20, Ohio 3:30, jumla 16:05. Upande B: Georgia 4:50, Louisiana 3:40, Kansas 4:15, Hawaii 2:20, jumla 15:05. Kwa mizunguko 33⅓ upande wa inchi 12 unabeba dakika 18 hadi 22 bila kupunguza sauti, kwa hiyo nafasi ipo. Sindano inapokaribia katikati, mwendo wa mfereji chini yake hupungua na s kali hukwaruza. Ndiyo maana Georgia imekaa mwanzo wa upande wake badala ya mwisho, ambako kila mtu aliitaka, na Hawaii ya gitaa na sauti laini imefunga.

Masta ni mbili. Ya mtandaoni iko −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kilele halisi −1 dB. Ya santuri haina kikomo kikali, besi yote chini ya Hz 150 ni mono, na s imepunguzwa kati ya kHz 6 na 9 kwa Georgia na Louisiana tu. Kumpelekea mkataji masta ya mtandaoni ni njia ya uhakika ya kupata santuri yenye sauti ndogo na mikwaruzo mikubwa.

Jalada. Fonti ijaribiwe kwa "Hawaiʻi Ponoʻī" na "Kalākaua" kabla ya kitu kingine. Alama ya ʻokina, ile iliyo kabla ya i katika Hawaiʻi, ina msimbo wa Unicode U+02BB, si kinukuu cha kawaida, na fonti nyingi za mapambo hazina hiyo wala mstari wa juu ya ā. Hutoa kiboksi kitupu, na kwenye programu za kuchora kiboksi hicho wakati mwingine huonekana kwenye PDF ya mwisho tu. Watunzi wanaandikwa kwa majina yao hata kama wimbo ni wa umma, mpangilio unaandikwa kwa jina la bendi, na kwa Louisiana mpangilio hauandikwi kama mali ya bendi. Kila rekodi ina namba yake ya ISRC, namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi. Hakuna bendi inayotumia tena namba ya demo.

Nakala za majaribio zikifika, zisikilizwe zote kwenye mashine mbili tofauti, saa mkononi, na kila mlio uandikwe kwa dakika na sekunde. Mlio ukiwa mahali pale pale kwenye kila nakala, kosa liko kwenye bamba la kugandamizia, na kiwanda kinalikata upya. Ukiwa kwenye nakala moja tu, ni vumbi au kasoro ya nakala hiyo, isirudishwe. Kelele za sekunde 12 za mwanzo wa Ohio ni za makusudi. Barua iliyotumwa kiwandani imelitaja hilo kwenye mstari wa kwanza. Taarifa ya nia kwa mchapishaji wa "You Are My Sunshine" imetumwa kwa barua ya rejesta kabla ya oda ya nakala 300 kuthibitishwa.